Mbunge Aliyeshinda Uchaguzi Akiwa Gerezani: Matthew Lyon na Hila ya Sheria za Uchochezi

Ipo hoja moja ambayo watawala wa kila zama huipenda kuliko nyingine zote. Husema hivi: sisi hatupingi uhuru wa maoni, tunapinga matusi, uongo na uchochezi tu. Mwananchi akikosoa kwa staha na kwa ushahidi, nani atamgusa? Hoja hiyo hutolewa kwa sauti ya upole, na ndiyo sababu huwanasa hata wasomi. Makala haya yanaipinga, na shahidi ninayemleta kizimbani si malaika. Ni Matthew Lyon, kanali wa wanamgambo wa Vermont aliyegeuka kuwa mtunga sheria. Mtu wa hasira za karibu, mwenye ulimi mkali, aliyewahi kumtemea mate mbunge mwenzake usoni ndani ya ukumbi wa Bunge. Nimemchagua kwa makusudi. Uhuru unaotetewa kwa ajili ya wapole pekee haujatetewa bado, kwa kuwa wapole hawashtakiwi.

Lyon alizaliwa Wicklow, nchini Ireland, katikati ya karne ya 18. Akiwa bado kijana alivuka Bahari ya Atlantiki bila nauli, akafika Connecticut kama mtumishi wa mkataba: nguvu zake za miaka kadhaa ziliuzwa ili kulipia safari yake. Masimulizi ya kwao yanasema kwamba mkataba wake ulipata kubadilishwa kwa madume wawili wa ng'ombe, na kwamba tangu hapo alizoea kuapa kwa madume hao waliomkomboa. Alipopata uhuru wake alihamia kaskazini, katika milima ambayo baadaye ingeitwa Vermont, akajiunga na wanamgambo wa Ethan Allen waliojulikana kama Vijana wa Milima ya Kijani. Mwezi Mei 1775 wanamgambo hao waliiteka ngome ya Ticonderoga kutoka kwa Waingereza.

Utumishi wake wa kijeshi haukuwa na sifa tupu. Mwaka 1776, akiwa luteni, kikosi chake kiliwekwa Jericho, kaskazini mwa Vermont, mahali palipokuwa wazi kwa adui. Askari walikiacha kituo hicho. Maofisa, Lyon akiwamo, wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuvuliwa vyeo. Yeye alishikilia siku zote kwamba alikuwa amepinga uasi huo. Mwaka uliofuata alirudishwa jeshini kama mlipaji wa mishahara ya kikosi, na baadaye akapanda hadi cheo cha kanali katika wanamgambo wa Vermont. Lakini aibu ya Jericho haikufutika katika vinywa vya mahasimu wake. Walisambaza kejeli kwamba alilazimishwa kuvaa upanga wa mbao kama alama ya uoga.

Inafaa kuelewa mtu huyu alitoka katika jamii ya namna gani. Katiba ya Vermont ya mwaka 1777 ilipiga marufuku kuwaweka watu wazima utumwani, na ikampa kura mwanamume hata kama hakuwa na mali. Kwa zama zile, hilo lilikuwa jambo la kutisha matajiri. Katika mazingira hayo mtumishi wa zamani aliweza kuanzisha mji wa Fair Haven, akajenga kiwanda cha chuma, cha mbao na cha karatasi, akakaa miaka mingi katika bunge la jimbo, na hatimaye, baada ya kugombea na kushindwa mara kadhaa, akaingia katika Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1797. Mabwana wa chama cha Wafederali waliokuwa wakitawala hawakumwona kama mbunge mwenzao. Walimwona kama mtumishi aliyeingia sebuleni bila kubisha hodi.

Naye hakuwapa nafasi ya kusahau. Wakati huo ilikuwa desturi, baada ya Rais kulihutubia Bunge, wabunge waandamane hadi kwenye makazi yake kumpelekea jibu la heshima. Lyon aliomba rasmi asilazimishwe kushiriki msafara huo, kwa kuwa aliuona kama mabaki ya desturi za kifalme. Alichekwa. Ikumbukwe kwamba Thomas Jefferson, alipoingia madarakani mwaka 1801, alianza kutuma hotuba yake kwa maandishi, na msafara ule ukafa.

Tarehe 30 Januari 1798, Roger Griswold wa Connecticut alimkejeli Lyon mbele ya wenzao kuhusu ule upanga wa mbao. Lyon akamtemea mate. Wafederali walitaka afukuzwe Bungeni. Kura zikawa 52 kwa 44, zisifike theluthi mbili zinazohitajika na Katiba. Tarehe 15 Februari Griswold aliingia ukumbini na bakora nzito akaanza kumcharaza, naye Lyon akakimbilia mekoni mwa ukumbi ule na kunyakua koleo la moto. Wachora vibonzo walipata riziki. Sina nia ya kuutetea mwenendo huo. Mate si hoja, na bakora vilevile si hoja. Ninasisitiza jambo moja tu: kwa kosa la mate, Lyon hakufungwa hata siku moja. Alifungwa kwa kosa la maneno.

Majira ya kiangazi ya mwaka huohuo, huku Marekani ikiwa katika mgogoro wa baharini na Ufaransa, Bunge lilipitisha Sheria ya Uchochezi, na Rais John Adams akaitia saini tarehe 14 Julai 1798. Iliharamisha kuandika au kuchapisha jambo la uongo, la kashfa na la nia mbaya dhidi ya serikali, Bunge au Rais, kwa lengo la kuwadhalilisha au kuwafanya wachukiwe na raia. Adhabu ilikuwa kifungo kisichozidi miaka 2 na faini isiyozidi dola 2,000.

Ndugu msomaji, tazama mambo mawili ndani ya sheria ile, kwa maana humo ndimo ilimofichwa siri yake. Kwanza, ilimlinda Rais na ililinda Bunge, lakini haikumlinda Makamu wa Rais. Makamu wa Rais wakati huo alikuwa Jefferson, kiongozi wa upinzani. Kwa hiyo kumtukana yeye kuliruhusiwa. Pili, ilipangiwa kufa yenyewe tarehe 3 Machi 1801, siku ya mwisho ya muhula wa Adams. Wapinzani wakishinda uchaguzi, wasiikute silaha hiyo mezani. Sheria inayodai kulinda heshima ya dola, lakini ikamwacha nje mkubwa wa pili wa dola na ikaisha siku ambayo muhula wa mkubwa wa kwanza unaisha, ilikuwa inalinda nini hasa?

Watetezi wake walikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri kuliko ya watetezi wengi wa leo. Walisema sheria yao ni ya kiungwana kuliko ile ya kale ya Uingereza. Uingereza, ukweli haukuwa utetezi. Hata ulichosema kikiwa kweli, ungeweza kufungwa. Hapa mshtakiwa akithibitisha ukweli wa maneno yake anaachiwa, na waamuzi ni raia wenzake. Basi mtu mkweli ataogopa nini?

Kesi ya Lyon ndiyo iliyoibomoa hoja hiyo. Mwezi Oktoba 1798 alishtakiwa mjini Rutland, mbele ya Jaji William Paterson. Shtaka lake kuu lilitokana na barua aliyoiandika gazetini, ambamo alidai kwamba, chini ya Adams, maslahi ya umma yalisahauliwa kwa sababu ya uroho wa madaraka, kiu ya fahari ya kipuuzi na kupenda kusifiwa. Barua hiyo aliiandika mwezi Juni, kabla sheria haijawapo. Ikachapishwa mwishoni mwa Julai, baada ya sheria kutiwa saini. Shtaka lingine lilihusu barua ya mshairi Joel Barlow, iliyoshangaa kwa nini Bunge halikumpeleka Rais katika nyumba ya wendawazimu.

Sasa jiulize: ukweli wa maneno hayo unathibitishwaje? Utaleta shahidi gani wa kupima fahari kwa mizani? Utaonyesha risiti ipi ya kiu ya kusifiwa? Lyon, aliyejitetea mwenyewe, alijaribu. Kwa mujibu wa masimulizi ya kesi, alimwuliza jaji iwapo hajawahi kula chakula kwa Rais na kuziona fahari hizo. Paterson akajibu kwamba amekula huko mara chache, na hakuona ila mambo ya kawaida na ya unyenyekevu. Hapo utetezi ukakwama. Jaji aliyealikwa mezani kwa mlalamikiwa ndiye aliyeshuhudia kwamba meza ilikuwa ya kawaida!

Hicho ndicho kitanzi. Maoni ya kisiasa hayathibitishiki kama deni la dukani. Ukisema serikali ni ya kifisadi, ya kibabe, ya majivuno, umetoa hukumu inayotokana na mambo mengi uliyoyaona. Sheria inayokutaka uthibitishe hukumu hiyo mahakamani, mbele ya majaji walioteuliwa na unaowahukumu, haikupi nafasi ya kujitetea. Inakupa kamba na kukuambia ujipime mwenyewe. Kwa hiyo masharti ya ukweli, yanayosifiwa kama ngao ya msemaji, huwa ni pambo tu la mlango wa gereza.

Lyon alihukumiwa miezi 4 jela na faini ya dola 1,000, pamoja na gharama za kesi. Alipelekwa katika jela ya Vergennes. Katika barua aliyomwandikia Seneta Stevens Thomson Mason wa Virginia alieleza chumba cha futi 16 kwa 12 hivi, chenye choo kilichonuka katika pembe moja, kilichotumiwa kuwafungia wezi na wahalifu wa kila aina. Wanamgambo wenzake wa zamani walitishia kuivunja jela na kumtoa. Akawazuia. Aliwaambia wafuasi wake watumie kura.

Wakaitumia. Mwezi Desemba 1798, mfungwa Matthew Lyon alichaguliwa tena kuwa mbunge kwa zaidi ya kura 4,500, wakati mpinzani wake mkuu alipata takribani 2,400. Maelfu ya raia walitia saini ombi la kumtaka Rais amsamehe; Adams akakataa, kwa kuwa Lyon mwenyewe hakuwa amelitia saini. Alitaka majuto yatangulie msamaha. Lyon hakujuta. Mchapishaji Anthony Haswell, aliyetangaza bahati nasibu ya kuchangisha fedha za faini, naye alifungwa miezi 2. Faini ililipwa kwa michango, na mwezi Februari 1799 Lyon akatoka akitangaza kwamba yuko njiani kuelekea Bungeni, ili kinga ya kikatiba ya mbunge aliye safarini imkinge dhidi ya kukamatwa tena. Wafederali wakajaribu tena kumfukuza. Wakapata 49 kwa 45, zisitoshe.

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa la sheria zote za uchochezi, na ndilo ningependa wasomaji walishike. Tunazoea kusema kwamba sheria hizo zinamwonea msemaji. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Anayeonewa zaidi ni msikilizaji. Sheria inaposema kwamba maneno fulani yatawafanya raia waichukie serikali, inamaanisha kwamba raia hawana akili ya kupima. Wakisikia neno baya watalimeza bila kulitafuna. Wapiga kura wa Vermont walilisikia neno baya, wakaisikia hukumu ya mahakama, wakasikia magazeti ya serikali yakimwita Lyon mnyama, kisha wakaamua wenyewe. Na ikiwa raia ana akili ya kutosha kumchagua Rais, anayo akili ya kutosha kusikia Rais akisemwa. Huwezi kumkabidhi mtu kura kwa mkono mmoja na kumziba masikio kwa mkono mwingine, kisha uite hiyo demokrasia.

Nao uchochezi ulioogopwa, ule wa ghasia na umwagaji damu, ulitoka wapi? Haukutoka katika barua ya Lyon. Hatari pekee ya vurugu katika kisa kizima ilizaliwa na kufungwa kwake, na aliyeizima ni mfungwa mwenyewe. Serikali iliwasha moto ikidai inazuia moshi.

Historia ilikuwa na kejeli yake. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 Jefferson na Aaron Burr walifungana kwa kura 73 kila mmoja, na uamuzi ukaangukia Baraza la Wawakilishi, kila jimbo likiwa na kura moja. Vermont ilikuwa na wabunge wawili waliopingana, hivyo kura yake ikawa haina kazi kwa duru 35. Katika duru ya 36, tarehe 17 Februari 1801, mbunge wa Kifederali Lewis Morris alijitoa ukumbini. Akabaki Lyon peke yake, na kura ya Vermont ikaenda kwa Jefferson. Mtu aliyefungwa kwa kumsema Adams alikuwa miongoni mwa waliofunga mlango nyuma yake.

Ningetamani kumalizia hapo, wema wakishinda na waovu wakianguka. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Jefferson yuleyule aliyeipinga Sheria ya Uchochezi alimwandikia gavana wa Pennsylvania, Thomas McKean, mwezi Februari 1803, akipendekeza kwamba mashtaka machache dhidi ya wachapishaji, chini ya sheria za majimbo, yangesaidia kurudisha adabu ya magazeti. Mwaka huohuo mhariri wa Kifederali, Harry Croswell, alishtakiwa jimboni New York kwa kumkashifu Jefferson. Mwathirika wa jana akawa mlalamikaji wa leo. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama kiongozi aliyepo ni mwema. Silaha ikiachwa juu ya meza, atakayeingia baadaye ataikuta.

Wala tusiipambe Marekani ile. Uhuru aliopigania Lyon ulikuwa uhuru wa wanaume weupe. Sensa ya mwaka 1800 ilihesabu watumwa takribani 890,000 katika nchi hiyo, na hakuna jaji aliyewauliza wana maoni gani kuhusu fahari za Rais. Kuanzia mwaka 1836 hadi 1844 Baraza lilelile la Wawakilishi lilijiwekea kanuni za kutosikiliza maombi ya kupinga utumwa. Si ajabu. Anayedhulumu watu wengi huanza kwa kuhakikisha kwamba habari zao hazisemwi.

Sisi wa Afrika Mashariki hatulitazami jambo hili kwa mbali. Kosa la uchochezi tulilirithi kutoka shina lilelile la sheria ya Uingereza, likiletwa na wakoloni ili kuwalinda maofisa wao dhidi ya midomo yetu. Mwaka 1958 Julius Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa kikoloni katika jarida la TANU, akatakiwa kulipa shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6. Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika, lakini vifungu vilibaki. Nchini Kenya, mwezi Oktoba 1975, Martin Shikuku alitamka Bungeni kwamba KANU imeuawa. Alipotakiwa kuthibitisha, Naibu Spika Jean-Marie Seroney akaamua kwamba jambo lililo dhahiri halihitaji uthibitisho. Wote wawili waliwekwa kizuizini, wakatolewa mwaka 1978 baada ya Mzee Kenyatta kufariki. Na nchini Tanzania, sheria ya habari ya mwaka 2016 iliendelea kubeba makosa ya uchochezi, hadi Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilipotamka, mwezi Machi 2019, kwamba vifungu vyake kadhaa, vikiwamo hivyo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Nitaulizwa: je, uongo uachwe utambe? La hasha. Raia aliyechafuliwa jina ana haki ya kudai fidia katika shauri la madai, kwa mali yake na kwa wakili wake. Anayewahimiza watu wakamchome jirani yao nyumba anashtakiwa kwa kuhimiza uhalifu huo mahususi. Ninachokataa ni dola kutumia polisi wake, mwendesha mashtaka wake na gereza lake kulinda jina la mkubwa wake. Mkubwa ana majukwaa, redio na wasemaji. Asiyeweza kujibu barua ya gazetini akiwa na hivyo vyote, tatizo lake si barua.

Lyon alihamia Kentucky, akachaguliwa tena kuwa mbunge kuanzia mwaka 1803 hadi 1811, akagombana hata na chama cha Jefferson, na akafariki mwaka 1822 huko Arkansas, akiwa wakala wa biashara wa serikali kwa Wacherokee. Mwaka 1840 Bunge la Marekani liliamuru warithi wake warudishiwe faini na gharama, dola 1,060.96, pamoja na riba. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikumbuka hatua hiyo kama ushahidi kwamba historia imeihukumu Sheria ya Uchochezi, ingawa mahakama hiyo haikupata kuisikiliza ilipokuwa hai. Fedha zilirudi baada ya zaidi ya miaka 40, mwenyewe akiwa kaburini. Ile miezi 4 ya Vergennes haikurudi.

Kwa hiyo, kila muswada unaogusa maneno ya raia unapofikishwa bungeni kwetu, tusianze kwa kuuliza kama wanaousema vibaya ni watu wa staha. Tuulize maswali ambayo Sheria ya mwaka 1798 ingeshindwa kuyajibu. Unamlinda nani, na unamwacha nani nje? Nani ataamua kwamba maoni yangu ni uongo, na amekula mezani kwa nani? Je, walioutunga wangekubali utumiwe na mahasimu wao siku ya kwanza watakapoondoka madarakani? Muswada ukishindwa mtihani huo, wabunge wetu waukatae, hata kama wa kwanza kufungwa nao atakuwa mtu wa matusi. Wa pili hatakuwa yeye.